Mgema Akisifiwa: Namna ya Kuuliza Maoni Baada ya Warsha

Leo ningependa tujadili jambo ambalo wengi wetu hulifanya mbiombio, mkoba u begani na mguu mmoja u mlangoni. Nazungumzia ile karatasi tunayopewa mwisho wa warsha, ile inayotuuliza kama tumefurahia. Wewe huijaza vipi? Kama wewe ni kama wengi wetu, unatia alama kwenye "nzuri sana" kutoka juu hadi chini, unaandika "Mungu awabariki", kisha unaitupa mezani na kutoka. Katika makala haya nitaeleza kwa nini karatasi hiyo mara nyingi hutudanganya, na jinsi sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunavyoweza kuifanya iseme kweli.

Jiji la warsha

Nairobi yetu ni jiji la mikutano na mafunzo. Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, lile la KICC lenye umbo la gunzi la hindi, lilifunguliwa mwaka wa 1973. Mnamo Julai 1985 jumba hilo lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake, ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa. Je, wajua wajumbe walikuja kufanya nini? Walikuja kutathmini! Walikaa wakapima yaliyotimizwa na yaliyoshindikana katika Muongo wa Wanawake, yaani mwaka wa 1976 hadi 1985, kisha wakaafikiana juu ya mikakati ya kufuata hadi mwaka wa 2000. Mikakati hiyo ingali inaitwa kwa jina la jiji letu.

Ukitoka katikati ya jiji ukaelekea magharibi hadi Lower Kabete, utakuta chuo kinachowafunza watumishi wa serikali. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1961, na leo kinaitwa Kenya School of Government. Ukipita Westlands, hoteli nazo zina mabango ya semina mlangoni. Sisi wanafunzi pia hatukuachwa nyuma. Tuna warsha za insha, za ushairi, za uigizaji na za mijadala. Basi ikiwa jiji zima linafunzana hivi, swali ni moja tu: tunajuaje kwamba watu wamefunzika?

Neno lenyewe "warsha" lina funzo. Mbali na mkutano wa mafunzo, warsha ni karakana, mahali ambapo fundi hutengeneza kitu. Wafikirie mafundi wa samani walio kando ya Barabara ya Ngong. Ukienda kununua kiti, utamsifu fundi kwa sababu alikuchekesha na kukupa soda? La hasha! Utakikalia kiti. Kikiyumba, utamwambia. Kutathmini warsha ni kukikalia kiti. Lakini mara nyingi sisi huulizwa kama fundi alituchekesha, na kama soda ilikuwa baridi.

Kwa nini karatasi hudanganya

Sababu ya kwanza ni adabu. Sote tumelelewa kwamba mgeni hakosoi chakula cha mwenyeji. Mwezeshaji ametoka mbali, amesimama mbele yetu siku nzima, sauti imemkauka. Nani atakuwa na roho ya kumwandikia kwamba hakueleweka? Adabu ni kitu kizuri, lakini ikizidi humwumiza yule yule tunayemheshimu. Wahenga walilijua hili waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezeshaji anayeambiwa kila mara kwamba yote yalikuwa mazuri hana sababu ya kubadilisha lolote.

Sababu ya pili ni hofu. Mwalimu amesimama kando ya dawati, na mwalimu anaujua mwandiko wako kuliko mama yako. Hata kama karatasi haina jina, wewe waona jina lako limeandikwa hapo kwa wino mwekundu.

Sababu ya tatu ni haraka. Karatasi hutolewa mwisho kabisa, wakati watu wanafikiria nauli na giza.

Sababu ya nne ni swali lenyewe. Utakuta swali kama hili: "Je, mwezeshaji alieleza vizuri na muda ulitosha?" Hayo ni maswali mawili yaliyotiwa katika kapu moja. Aliyeelewa lakini akakosa muda atajibu nini? Utakuta pia swali linalokuvuta sikio: "Umefaidika kiasi gani na warsha hii ya kufana?" Warsha imeshaitwa ya kufana. Wewe ni nani upinge?

Tathmini ya ndani ya matatu

Wacha niwape mfano. Nilihudhuria warsha moja ya ushairi katika ukumbi ulio katikati ya jiji. Waandalizi sitawataja. Mwezeshaji alikuwa mtu mpole na mwenye elimu, lakini alizungumza tangu asubuhi hadi alasiri, na hakuna mwanafunzi aliyeandika hata ubeti mmoja. Karatasi za maoni zilitolewa ilipokaribia saa kumi na moja jioni. Wakati huo mawingu yalikuwa yametanda, na si unajua nauli za jiji hili mvua inapoanza kunyesha! Wenzetu wengi wanaoishi Kawangware, Kangemi na Uthiru walikuwa wameshaomba ruhusa na kwenda zao. Tuliobaki tukajaza. Mwandalizi akazipitia harakaharaka, akasimama na kutangaza kwamba washiriki wote wameridhika.

Basi tukapanda matatu. Pale kwenye foleni ya Waiyaki Way ndipo tathmini ya kweli ilipoanza.

"Mimi hivyo vina vya kati bado sijui vinatoka wapi," akasema mmoja wetu.

"Sasa si ungesema tukiwa ndani?" akajibiwa.

"Ningeandikaje na mwalimu amenisimamia hapa begani?"

"Lakini chapati zilikuwa tamu," akadakia mwingine, na matatu nzima ikaangua kicheko.

Wasomaji wenzangu, yote ambayo mwandalizi alihitaji kujua yalisemwa katika matatu ile. Kwamba somo halikueleweka, kwamba watu waliogopa, na kwamba kilichokumbukwa zaidi ni chapati. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililofika kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, kazi yote ya kukusanya maoni ni hii: kuyatoa maneno ya matatu na kuyaleta ukumbini, bila ya msemaji kuumia.

Ngazi nne za kupima

Huko Marekani, mwaka wa 1959, mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa Donald Kirkpatrick alianza kuandika makala kuhusu namna ya kupima mafunzo. Alizitaja hatua nne, na hadi leo wafunzaji duniani kote huzitumia kama ngazi. Nitazieleza kwa kutumia warsha ya insha.

Ngazi ya kwanza ni hisia. Je, washiriki walipenda? Waliona muda wao umetumika vyema? Hapa ndipo karatasi zetu nyingi huanzia na kuishia.

Ngazi ya pili ni kujifunza. Je, mshiriki anajua leo asichokijua jana? Hili hulipati kwa kumwuliza kama amejifunza. Unampa kazi. Mwambie aandike aya moja ya mwanzo wa insha kabla ya warsha, na aya nyingine baada ya warsha, kisha uzilaze aya hizo ubavu kwa ubavu.

Ngazi ya tatu ni mwenendo. Je, amerudi shuleni akabadilisha anavyofanya? Mtu anaweza kujua kwamba insha huhitaji mpango, na bado akaandika bila mpango. Ngazi hii hupimwa majuma kadhaa baadaye, na hupimwa kwa kutazama madaftari.

Ngazi ya nne ni matokeo. Je, insha za shule nzima zimeimarika? Gazeti la ukutani limepata waandishi wapya? Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mambo mengi huingiliana. Pengine kilichoimarisha insha ni mwalimu mpya au vitabu vipya, wala si warsha yenu.

Tazama sasa: mtu anaweza kupata alama zote katika ngazi ya kwanza na apate sufuri katika ngazi ya pili. Chapati ziko ngazi ya kwanza. Vina vya kati viko ngazi ya pili.

Mfano wa walimu wetu wenyewe

Usidhani mambo haya ni ya wageni tu. Mwaka wa 1998 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Mradi huo ulijulikana kama SMASSE, na walimu wetu wakongwe wanaukumbuka vyema. Makao yake ya kwanza yalikuwa katika Chuo cha Ualimu wa Sayansi, hapo hapo kwenye Barabara ya Ngong. Baadaye kazi hiyo ikahamia kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, ambacho kingali kinawafunza walimu hadi sasa.

Mradi ulianza na wilaya 9 za majaribio, zikiwemo Kajiado, Makueni na Kakamega. Kuanzia mwaka wa 2003 ukaenea nchi nzima. Walimu walifunzwa wakati wa likizo, kwa awamu nne.

Mambo matatu ya mradi huo yanatufaa. Kwanza, kabla ya kufunza mtu yeyote, walifanya uchunguzi ili wajue tatizo liko wapi. Wakagundua kwamba tatizo halikuwa uhaba wa vifaa peke yake. Mitazamo ya walimu na wanafunzi kuhusu masomo hayo, na mbinu za kufundishia, zilichangia pia. Ndiyo maana awamu ya kwanza ya mafunzo ilihusu kubadilisha mitazamo.

Pili, walimu walipewa mwendo wa hatua nne wa kufuata: panga, tenda, tazama, boresha. Iangalie vizuri hatua ya tatu. Tathmini haikungoja mwisho wa safari. Iliwekwa ndani ya kazi yenyewe, na baada yake kulikuwa na hatua ya kurekebisha.

Tatu, wapimaji hawakutosheka na karatasi za ukumbini. Walikwenda madarasani na orodha mkononi, wakatazama kama mwalimu aliyefunzwa anawapa wanafunzi nafasi ya kutenda na kujaribu, au amerudia mtindo wa kusoma notisi huku wanafunzi wakinakili. Hiyo ndiyo ngazi ya tatu.

Je, walimu wote walifurahia? Hapana. Wapo walionung'unika kwamba likizo zao zimeliwa na marupurupu hayakutolewa. Mradi ungepima furaha peke yake, manung'uniko hayo yangefunika kila kitu. Hata hivyo manung'uniko nayo ni maoni, kwa sababu mtu aliyenuna hajifunzi vizuri. Na ngazi ya nne je? Hapo nyote mtaona ugumu niliousema. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kugharimia masomo ya shule za upili za kutwa, na wanafunzi wakaongezeka madarasani. Matokeo ya mtihani yakibadilika baada ya hapo, utasema ni kwa sababu ya mafunzo ya walimu au ni kwa sababu ya msongamano? Hapana budi mpimaji awe mwangalifu.

Tufanyeje sisi?

Sasa tuje kwa chama chetu. Hatuna pesa za mradi, lakini tuna karatasi, kalamu na akili. Napendekeza hatua hizi.

Kabla ya warsha, tuwaulize wanachama maswali mawili matatu. Nini kinakutatiza katika uandishi? Ungetaka uondoke ukiweza kufanya nini? Tusipojua walikoanzia, hatutajua wamefika wapi.

Wakati wa mapumziko ya chai, tugawe vikaratasi vidogo. Upande mmoja mtu aandike jambo lililomwelea, upande wa pili jambo lililomchanganya. Mwezeshaji avisome akinywa chai. Watu wengi wakiwa wametatizwa na vina vya kati, basi kipindi kinachofuata kiwe cha vina vya kati. Faida ya maoni haya ni kwamba yanamsaidia yule yule aliyeyatoa, siku ile ile.

Karatasi kubwa itolewe dakika ishirini kabla ya shukrani na sala, si baada yake, na itolewe mapema ya kutosha kuwapata wanaokaa mbali. Isiwe na jina wala darasa. Walimu watupishe kidogo. Karatasi ziingizwe katika sanduku, wala zisikusanywe na mtu anayezisoma huku akitembea.

Maswali yawe machache na kila swali liulize jambo moja. Yale ya kutia alama kutoka 1 hadi 5 yanasaidia. Mtindo huo ulienezwa na Mmarekani Rensis Likert tangu mwaka wa 1932. Lakini hayo yasiwe peke yake. Ongeza maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa sifa tupu. Kwa mfano: "Eleza kwa maneno yako jambo moja ulilojifunza." "Ni sehemu gani ungeipunguza ili nyingine ipate muda?" "Mwenzako aliyekosa kuja akikuuliza kama amepoteza kitu, utamwambia nini?" Swali la mwisho nalipenda sana, kwa sababu ni swali la ndani ya matatu.

Kuhesabu bila kujidanganya

Karatasi zikipatikana, tahadhari na hesabu. Tuseme waliokuja ni 40. Nusu yao wametia alama 5 na nusu wametia alama 1. Ukitafuta wastani utapata 3, na utaandika kwenye ripoti kwamba warsha ilikuwa ya kadiri. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyeiona ya kadiri! Watu 20 walipaa na watu 20 walizama. Pengine waliozama ni wa madarasa ya chini, ambao somo liliwapita juu ya kichwa. Kwa hivyo usitoe wastani pekee. Onyesha ni wangapi walitia kila alama.

Tena, tuseme kati ya wale 40, karatasi zilizorudi ni 22, na 20 kati yazo zimesifu. Usiseme karibu kila mtu ameridhika. Sema ukweli: nusu ya waliokuja wamesema wameridhika, 2 wamesema la, na 18 hawajasema lolote. Hao 18 ndio hasa wa kutafutwa, kwa kuwa mara nyingi ni wale waliotoka mapema kukimbilia matatu. Ikiwa warsha inaisha saa ambayo watu wa Kangemi hawawezi kuingoja, hiyo peke yake ni dosari ya warsha, na karatasi zilizobaki haziwezi kukuambia.

Majibu yarudi kwa wenyewe

Nimebakisha jambo moja, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Ukimwuliza mtu maoni, umemwahidi kitu. Umemwahidi kwamba utasikia. Akitoa maoni leo na kesho na kesho kutwa asione lolote, siku ya nne atatia alama kwenye "nzuri sana" na kwenda zake. Wala hatakuwa mvivu. Atakuwa amejifunza kwamba karatasi hizo huishia kabatini.

Kwa hivyo naomba chama chetu kiwe na desturi hii: juma moja baada ya kila warsha, tubandike karatasi kwenye ubao wa matangazo yenye sehemu tatu. Mlisema hivi. Tutabadilisha hivi. Na hili hatuwezi kulibadilisha, kwa sababu hii. Mwezi ukiisha, mlezi wa chama na wanachama wawili wapitie madaftari ya walioshiriki ili waone kama warsha imefika darasani.

Kuna watakaouliza, ya nini taabu yote hii kwa warsha ya siku moja? Jibu langu ni kwamba warsha si ya bure. Kuna mzazi aliyetoa mchango na nauli ya kwenda na kurudi mjini, na pengine pesa hizo alizipata kwa kuuza sukumawiki kando ya barabara. Mwanawe akirudi jioni, mzazi huyo hamwulizi kama chapati zilikuwa tamu. Humwuliza, "Umejifunza nini?" Chama kinachochukua pesa yake hakina budi kujiuliza swali lilo hilo, na kulijibu kwa ukweli hata kama jibu linauma.

Walimu wetu wapendwa, msituonee uchungu tutakapoandika yasiyopendeza. Nanyi wanafunzi wenzangu, andikeni kwa heshima lakini andikeni. Tusitie maji kwenye tembo kwa sifa zetu. Kiswahili kitukuzwe!